Tujifunze Kutunza Okidi ya Ardhini

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya mbuzi wa maziwa, mizinga ya nyuki, matangi ya maji na miche ya miti. Leo tunaleta somo ambalo wengine watacheka. Tunataka kuongea juu ya ua. Tena ua lisilopikwa na mboga wala kuchemshwa chai.

Tunalileta kwa sababu vikundi kadhaa vimetuuliza. Na tunalileta pia kwa sababu sisi wenyewe, watu wa ofisi ya maendeleo, tulitoa mafundisho mabaya mwaka fulani na hasara ikaangukia watu ambao hawakuwa na cha kupoteza. Ni afadhali tuseme wazi.

Ilikuwa hivi. Kikundi kimoja cha watu 23 kiko kwenye nyanda za juu, karibu na msitu. Juu ya kijiji chao kuna mgongo wa kilima wenye mawe na vichaka, mahali ambapo jembe lilikuwa halijafika. Kila mvua ikianza, mgongo ule ulikuwa ukitoa maua ya manjano juu ya bua refu kuliko mtoto wa darasa la nne. Hakuna aliyejali. Siku moja akaja mtu na pikapu, akasema anatafuta "yale maua ya manjano pamoja na vitunguu vyake", na kwamba atalipa shilingi hamsini kwa kila shina. Si mnajua shilingi hamsini ni nini wakati karo inadaiwa? Kwa siku mbili kikundi kizima kilikuwa mlimani na majembe. Walishusha magunia. Yule mtu akachagua yaliyo mazuri, akalipa nusu, akasema atarudi Jumatatu na pesa iliyobaki. Jumatatu hiyo mpaka leo haijafika.

Yale yaliyobaki, akina mama walituuliza wayafanye nini. Sisi tukawajibu kwa haraka, kama mtu anayejua: "Pandeni kwenye kitalu, tieni samadi, mwagilieni maji kila siku kama sukuma wiki." Ilikuwa Januari, na maji yanatoka mtoni, mwendo wa karibu nusu saa. Wakabeba mitungi Januari yote na Februari yote. Mwezi wa Machi walipochimba kuangalia, vitunguu vilikuwa vimegeuka uji wenye harufu. Karibu vyote. Vilivyopona ni vile vibovu ambavyo watoto walikuwa wamevitupa kwenye lundo la mawe mwisho wa shamba, bila udongo wa maana, bila maji, bila kuangaliwa na mtu. Mvua ilipokuja hivyo vikatoa majani.

Mama mweka hazina alituambia maneno ambayo hatujayasahau. "Mwalimu, mlitufundisha kuua kwa bidii." Basi tulianza kusoma na kuuliza wanaojua, na haya ndiyo tuliyojifunza.

OKIDI NI MMEA WA NAMNA GANI?

Jamaa ya okidi ni kubwa sana duniani, na hapa Kenya peke yake kuna zaidi ya aina mia mbili. Wengi tunazijua zile zinazokaa juu ya miti, zimeshika gome kwa mizizi minene. Watu hufikiri zinanyonya mti, lakini sivyo. Zimepanga tu pale, kama mtu aliyekodi chumba, na chakula chao hujitafutia wenyewe katika mvua, hewa na majani yanayooza. Nyingine zinakaa ardhini, na somo letu la leo ni hizo.

Okidi za ardhini zenyewe ni za namna mbili kubwa, na ni lazima mjue tofauti kabla hamjashika jembe. Namna ya kwanza ina vitunguu vigumu vya kijani vilivyoshikana kama ndugu wa nyumba moja, nusu ndani ya udongo na nusu nje. Kila mwaka kinaongezeka kimoja kando ya kile cha mwaka uliopita. Yale maua ya manjano ya kikundi chetu ni ya namna hii. Wataalamu huiita Eulophia streptopetala. Inapatikana kutoka Ethiopia mpaka Afrika Kusini, pembeni mwa misitu, vichakani na kwenye miteremko ya mawe. Majani yake ni marefu, yamekunjwakunjwa kama kitambaa kilichopigwa pasi ya marinda. Ua lake lina majani matatu ya nje ya kijani yenye madoa ya hudhurungi, na ndani yake ni manjano safi.

Namna ya pili haina kitu juu ya ardhi isipokuwa majani na ua. Chini ina viazi vidogo, mara nyingi viwili. Kimoja ni cha mwaka huu, kinachotoa chakula kwa ua, kinazeeka na kunywea. Kingine ni kichanga, ndicho cha mwaka ujao. Hizi ni jamaa za Satyrium, Disa na Habenaria, nanyi huziona katika majani ya malisho ya juu na kwenye mabonde ya maji. Ukichimba moja wakati inatoa ua umekata mama na mtoto kwa jembe moja. Ushauri wetu kwa hizi ni mfupi: msizihamishe. Hata watu wenye bustani za vioo na vipimo vya joto huzipoteza. Ziacheni zilipo na mlinde mahali pake.

Mtu atauliza, kwa hiyo ile ya manjano ni adimu kweli? Ukitazama Afrika nzima, si ya kuhesabiwa kwa vidole. Lakini mmea huweza kuwepo nchi nyingi na ukawa umekwisha kwenu. Mzee mmoja wa kikundi alituonyesha miteremko mitatu ambako aliikuta alipokuwa akichunga ng'ombe wa baba yake. Leo mmoja ni mahindi, wa pili ni mikaratusi, wa tatu ni timbo la mawe. Ulibaki ule mgongo mmoja, na sisi tukausaidia kumalizwa.

KWA NINI HAIRUDI UPESI?

Hapa tuwe wavumilivu, maana ndipo penye siri yote.

Chukua punje ya hindi. Ndani yake mama ameweka unga wa kutosha kumlisha mtoto mpaka atoe majani. Ndiyo maana hindi huota hata kwenye ufa wa saruji. Mbegu ya okidi haina unga huo. Ni ndogo kama vumbi, ganda moja hubeba maelfu kwa maelfu, upepo unazipeleka popote. Lakini ikianguka mahali haina chakula hata cha siku moja. Inangoja. Katika udongo kuna kuvu, nyuzi nyembamba sana kuliko nywele, zinazokula majani na vijiti vinavyooza. Nyuzi hizo zikiingia ndani ya mbegu ya okidi, mbegu inazila na kupata sukari yake ya kwanza. Zisipoingia, mbegu inakufa. Mfaransa mmoja, Noël Bernard, ndiye aliyelitambua jambo hili mwaka 1899. Kabla yake watunza bustani wa Ulaya walipanda mbegu za okidi miaka na miaka, nyingi zikawashinda bila kujua sababu. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha kwamba mtu anaweza kuziotesha ndani ya chupa kwa kuzipa sukari badala ya kuvu. Miche mingi inayouzwa leo katika maduka makubwa ya maua hutoka kwa njia hiyo ya chupa. Lakini ni kazi ya maabara, kila kitu kichemshwe, mikono isiwe na mdudu. Sisi kijijini tunategemea ile kuvu.

Na kuvu haipendi jembe. Udongo uliolimwa, ukatiwa mbolea ya dukani na dawa za kuua ukungu wa viazi, si nyumba yake tena. Ndiyo maana shamba lililowahi kuwa na okidi, hata mkiliacha miaka mitatu, hazirudi hivi hivi. Tena mche ulioota kwa mbegu huhitaji miaka kadhaa kabla haujatoa ua la kwanza. Ng'ombe huzaa kabla ya hapo.

Kuna na udanganyifu. Eulophia nyingi hazina asali katika ua. Nyuki anavutwa na rangi, anaingia, anatoka bure na chavua imegandama mgongoni. Akidanganyika tena kwenye ua la pili, ndipo mbegu inafungwa. Lakini nyuki si mjinga, baada ya mara chache anaacha. Kwa hiyo bua lenye maua thelathini mwisho wake laweza kuwa na maganda mawili ya mbegu, au halina hata moja. Mkiona mzigo wa maua msifikiri kuna mzigo wa watoto.

KUOKOA MIMEA KABLA YA JEMBE

Kikundi chetu kilipata habari kwamba sehemu ya chini ya ule mgongo, ambapo mashina machache yalikuwa yamebaki, itakodishwa kwa mtu wa mahindi. Trekta ingeingia mvua ikikaribia. Hapo hakuna la kujadili sana, mmea usipohamishwa unakufa. Lakini mtu asifanye kisingizio. Kama ardhi haitalimwa, kuhamisha si kuokoa, ni kuiba polepole.

Kwanza walikwenda kwa mwenye shamba, wakiwa na mzee wa kijiji, wakaomba ruhusa na ikaandikwa. Ingekuwa ni msitu wa serikali, wangepaswa kwenda kwa ofisi ya misitu, na hapo mtu asichukue hata jani moja bila karatasi. Halafu, na hii tunaisisitiza, walikwenda mara ya kwanza wakati wa maua bila jembe. Walichoma kijiti kando ya kila shina na kuhesabu. Yalikuwa 41. Mkienda wakati wa kiangazi bila vijiti hamtaona kitu, maana majani mengi yamekauka, na mtachimba ovyo.

Wakati mzuri wa kuhamisha ni mwisho wa kiangazi, wiki chache kabla ya mvua, mmea ukiwa umelala na chipukizi jipya halijatoka au limechungulia kidogo tu. Chimba kwa uma ukiwa nayo, kama hakuna jembe jembamba. Anza mbali, shubiri nzima kutoka kwenye kitunguu, uzunguke pande zote, kisha uinue na udongo wake. Mizizi ni minene na meupe kama tambi, na inavunjika upesi. Usitikise udongo wala usioshe. Tumeona watu wakiosha vitunguu mtoni ati vipendeze. Ule udongo ndio wenye kuvu, mnapeleka maziwa ya mtoto mtoni.

Bebeni kwa gunia la katani au kikapu. Mfuko wa nailoni unatoa jasho na uozo unaanza njiani. Pandeni siku hiyo, au kwa uchache wiki hiyo hiyo.

MAHALI NA UDONGO

Tazameni lile lundo la mawe. Lilitufundisha kuliko vitabu. Maji yanapita, hayasimami. Jua la asubuhi linafika na la saa nane linazuiwa na mti. Hayo mawili ndiyo makubwa.

Chagueni mahali palipoinuka kidogo, chini ya kivuli chepesi. Mti wenye majani madogo kama mgrevilea unafaa, mwembe haufai kwa sababu kivuli chake ni kama paa. Kama ardhi yenu ni ya mfinyanzi, inueni tuta mpaka futi moja kwa mawe chini na udongo juu. Mchanganyiko ambao umetufaa ni madebe mawili ya mchanga mkubwa wa mtoni, debe moja la mboji iliyooza kabisa mpaka haina harufu, na debe moja la vipande vya mkaa na magome yaliyovunjwa kiasi cha kidole. Ongezeni viganja vya udongo wa pale mmea ulipotoka. Msiweke samadi mbichi. Sukuma inaishangilia, okidi inaungua.

Wasio na nafasi waweza kutumia debe kuukuu au sufuria iliyotoboka, lakini toboeni matundu mengi zaidi chini na muweke kokoto kiasi cha vidole vitatu. Chombo kisiwe kikubwa mno, udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji.

Mkipanda, kitunguu kikae jinsi kilivyokuwa mlimani, nusu nje. Hili ndilo kosa la pili tulilofundisha mwaka ule, maana tulisema wafukie kama viazi. Kitunguu hiki kinataka kuona hewa. Upande wenye chipukizi uelekee mahali penye nafasi, kwa sababu mmea huu unatembea. Kila mwaka unaenda mbele hatua moja ndogo. Ukiuelekeza ukutani utafika ukutani.

MAJI

Someni kifungu hiki mara mbili, kisha mwenye kusoma awasomee wengine kwa lugha ya nyumbani.

Okidi hii hufuata mvua. Inaamka mvua ikianza, inakua na kutoa ua, inanenepesha kitunguu kipya, halafu kiangazi kikija inapunguza kazi na kulala. Huku Magharibi, ambako mvua huanza Machi na kuendelea miezi mingi, ina usingizi mmoja mrefu. Upande wa Kati na Mashariki kuna mvua ndefu na mvua fupi, inaweza kusinzia mara mbili. Msifuate kalenda ya ukutani, fuateni mmea.

Ukiona chipukizi lina urefu wa kidole na mizizi mipya imeanza, mwagilia vizuri, kisha ngoja juu pakauke kiasi cha kifundo cha kidole ndipo umwagilie tena. Kama mvua inanyesha, wachana nayo. Wakati wa majani makubwa unaweza kuipa maji ya mboji yaliyochujwa na kupunguzwa mpaka yawe na rangi ya chai ya mkandaa, mara moja kwa majuma mawili. Majani yakianza kuwa ya manjano kutoka ncha, punguza. Yakikauka, simama. Katika kiangazi chote kikombe kimoja cha maji kwa mwezi, pembeni na si juu ya kitunguu, kinatosha kuzuia kisinyae kupita kiasi. Kikikunjana kidogo kama uso wa bibi, hakijafa. Kimelala.

Tunajua ni vigumu. Sisi tumelelewa kuamini kwamba mwenye kumwagilia ndiye mwenye bidii. Katika kikundi kile ilibidi mwenyekiti afunge kitalu kwa kufuli mwezi wa Januari, maana mama mmoja alikuwa akipita jioni na kumwaga kibuyu kidogo kwa huruma.

MAADUI

Konokono hula chipukizi usiku mmoja likaisha. Ondoeni kwa mkono mapema asubuhi, na mzungushe majivu makavu. Vidukari hujaa kwenye bua la ua, waosheni kwa maji ya sabuni kidogo. Vidugamba, wale wadudu kama magamba, hujificha chini ya ganda kavu la kitunguu, wasugueni kwa kitambaa. Fuko ni mtego tu. Mbuzi hatuna haja ya kumweleza mtu.

Kitunguu kikiwa laini ukikibonyeza, toa shina lote, kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye nyama nyeupe, paka unga wa mkaa, weka kivulini siku tatu au nne kabla ya kupanda tena mahali pakavu zaidi. Kisu kipitishwe motoni kabla ya kila shina, si kila siku. Kisu kichafu hupeleka magonjwa ya mmea mmoja kwa mwingine, na yapo magonjwa ya okidi ambayo hayana dawa.

KUONGEZA MIMEA

Kugawa shina ni njia ya hakika. Shina likifika vitunguu sita au zaidi, mwisho wa kiangazi ligawe mara mbili, kila kipande kibaki na vitunguu vitatu. Mwenye tamaa hugawa kimoja kimoja, naye hungoja miaka bila ua. Vile vitunguu vya nyuma, vizee visivyo na majani, msivitupe. Viwekeni kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, vingine huamka.

Njia ya mbegu ni ya kubahatisha lakini ni nzuri kujaribu. Chavua ya okidi si unga kama ya mahindi, ni vidonge vidogo vilivyo mbele ya ua, chini ya kifuniko. Chukua kijiti cha kiberiti kilichochongwa, gusa kidonge kitanata, kipeleke kwenye shimo lenye gundi katika ua la shina lingine. Msifanye hivyo kwa maua zaidi ya mawili katika bua moja, maganda mengi yanachosha mmea. Baada ya wiki nyingi ganda litaanza kupasuka. Likianza, pukutisha vumbi lake kuzunguka shina mama, mahali ambapo kuvu ipo, na pengine upeleke kidogo mlimani. Halafu sahau. Msipalilie pale kwa jembe, ng'oeni magugu kwa mkono, maana mche wa mwaka wa kwanza hauonekani na wa pili hufanana na nyasi.

MAMBO YA SHERIA NA PESA

Biashara ya okidi za mwituni kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa mataifa uitwao CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, na Kenya ni mwanachama. Jamaa yote ya okidi imo ndani ya orodha zake. Maana yake ni kwamba mtu akikuambia mimea yako inaenda ng'ambo, lazima awe na kibali, na hapa kwetu kibali hicho kinahusu KWS. Cheti cha afya ya mmea hutolewa na KEPHIS. Mwenye pikapu asiye na karatasi hizo anawatuma ninyi muwe wezi kwa niaba yake. Hata kabla ya kuuza hapa hapa nchini, tumeni watu wawili kwa ofisi ya KWS ya kaunti wakaulize, na jibu waliandike kwenye kitabu cha mikutano.

Msifikiri sisi peke yetu tuna shida hii. Jirani zetu wa Nyanda za Juu za Kusini, Tanzania, wamepoteza okidi nyingi kwa ajili ya sufuria. Viazi vya zile za namna ya pili, Disa na wenzake, husagwa pamoja na njugu karanga na kupikwa kitoweo kigumu kiitwacho chikanda, kinachopendwa sana Zambia. Viazi vilichimbwa kwa mamilioni na kuvushwa mpaka. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa kwa sababu ya maua yake. Na Uingereza, nchi tajiri, okidi moja ya ardhini ilichimbwa na wapenda maua mpaka ikadhaniwa imekwisha. Mwaka 1930 likaonekana shina moja tu huko Yorkshire, na kwa miaka mingi watu walililinda kwa zamu wakati wa maua. Baadaye wataalamu wa bustani ya Kew waliotesha mbegu kwa chupa ili miche irudishwe porini. Shina moja limegharimu kazi ya watu wengi namna hiyo!

Je, kuna faida? Tutasema ukweli. Mtu asiuze ng'ombe kwa ajili ya okidi. Kikundi kile sasa kina mashina ya kutosha kugawa machache kila mwaka, na wanafikiria kuuza yale yaliyozaliwa kitaluni tu, yenye alama na tarehe, kwa watu wa mji wanaopenda bustani. Mapato hayo hayatafika mapato ya miche ya parachichi yao. Lakini hayahitaji dawa, hayahitaji maji ya kiangazi, na tuta zima linatoshea nyuma ya ghala. Vijana wengine wanasema wageni wangelipa kidogo kuja kuona mgongo wakati wa maua. Tumewaambia wajaribu, ila wasianze kwa kujenga choo cha wageni kabla hawajapata wageni.

Katika yale mashina 41, mvua ya kwanza 33 yalitoa majani, na matano tu yalitoa ua. Sehemu ya juu ya mgongo bado ina mashina machache. Mwenye ardhi amekubali kwa mdomo isilimwe, na ng'ombe wasiingie kuanzia chipukizi mpaka maganda yapasuke. Baada ya hapo nyasi hukatwa kwa panga, kwa sababu kichaka kikifunga kabisa ua nalo hukosa mwanga. Kwa mdomo, tumesema. Mzee huyo ana watoto wanne wa kiume na wawili kati yao wanataka kugawiwa. Na mwezi uliopita mtu mwingine, si yule wa kwanza, alipiga simu kwa katibu akiuliza kama "vile vitunguu" bado vipo, akataja bei mara tatu ya ile ya kwanza. Kikundi hakijamjibu. Wanachama kumi na wawili wanasema wamkatalie, wengine wanasema kwanza wasikie ana karatasi gani. Mkutano wao ni baada ya mavuno.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

Ni mimea gani wazee wenu walikuwa wakiiona na ninyi hamwioni tena? Ilikuwa mahali gani, na sasa mahali pale pana nini?

Mkiwa ninyi ndio kikundi kile, mngemjibu nini aliyepiga simu? Na mngeandikiana nini na mwenye mgongo kabla watoto wake hawajagawiwa?

Nani katika kikundi chenu anaweza kwenda kuhesabu na kuweka vijiti wakati wa maua ya mvua zijazo, na kitabu cha hesabu kitakaa kwa nani?